Dodoma hadi Tabora: nyumba za watawa kando ya reli ya kati

Jumatatu. Dodoma mjini

Anayetaka kujua mashirika ya watawa yanayohudumia maskini yalikuaje katika nchi hii kavu asianze na wagonjwa wala mayatima. Aanze na makabati ya mafaili. Nyumba ya watawa huanza na barua. Kanuni ya 609 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 iko wazi: mkuu wa shirika ndiye anayeunda nyumba, lakini sharti kwanza apate kibali cha askofu wa jimbo, tena cha maandishi. Kibali cha mdomo hakihesabiki, na hapo ndipo miradi mingi hukwama. Paroko anaalika masista, waamini wanafyatua matofali, msingi unachimbwa, halafu askofu aliyeitikia kwa kichwa anastaafu. Mrithi wake anauliza karatasi iko wapi.

Kanuni inayofuata, ya 610, inauliza swali ambalo wengi huliona la kidunia mno: hao masista watakula nini? Ya 612 nayo huwakamata hata wakongwe. Nyumba iliyoruhusiwa kuendesha zahanati haiwezi kugeuzwa shule bila kibali kipya cha askofu.

Kwa Dodoma, mpangilio huo unaonekana hata kwenye jina la kanisa kuu. Mwaka 1935 eneo hili lilifanywa Prefektura ya Kitume, hatua iliyo kabla ya jimbo, likakabidhiwa Wapasionisti, na kanisa kuu la jimbo linaitwa la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika lao. Lilifanywa jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 2014, likiwa na Singida na Kondoa chini yake. Waliokuja baadaye, wanaume kwa wanawake, walipita mlango huohuo wa askofu.

Upande wa serikali una kabati lake. Ardhi iandikwe kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, usajili unaofanyika RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kosa linalojirudia ni kiwanja kununuliwa kwa jina la sista mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu siku ya kulipa. Akihamishwa, akiacha utawa au akifariki, ndugu zake wanakuja na haki ya mirathi, na mahakama haijui nadhiri ya ufukara. Kijijini, ombi la ardhi lipitie halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari utunzwe pamoja na orodha ya mahudhurio. Sista mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Asisubiri kufika ndipo aanze kuulizia.

Jumanne. Kisasa

Karibu tu na mjini. Hapa ndipo kilipo Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa mwaka 2002 na Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu pamoja na masista Waabuduo Damu ya Kristo, kwa ajili ya watoto yatima wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Watoto hawalali bwenini. Wanaishi katika nyumba zilizopangwa kama kaya.

Mwaka huo una maana yake. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo ulianza 2004. Nyumba ya aina hii iliyofunguliwa kabla ya hapo ilijengwa kwa ajili ya watoto ambao wengi hawakutarajiwa kufika darasa la saba. Dawa zilipofika, hesabu yote iligeuka: watoto hawafi, wanakua. Mahitaji yakahama kutoka kitanda cha mgonjwa kwenda karo, ufundi, na kijana wa miaka 16 anayeficha vidonge chini ya godoro kwa kuwa amechoka kuwa tofauti na wenzake. Shirika linaloendelea kupanga bajeti kana kwamba ni mwaka wake wa kwanza litaishiwa pesa mahali lisipotazamia.

Makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ustawi wa jamii wanataka faili la kila mtoto: ametoka wapi, ndugu gani yuko hai, mara ya mwisho alitembelewa lini. Faili lisilo na ndugu mara nyingi ni faili ambalo hakuna aliyekwenda kumtafuta huyo ndugu.

Jumatano. Bahi, Kintinku, Manyoni

Mabasi ya magharibi yanaondoka stendi kuu ya Nanenane. Barabara inashuka hadi bonde la Bahi, penye mpunga na maji ya chumvi, inapita Kintinku, kisha inapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni. Angalizo kwa wanaokuja na reli mpya: kuna Makutupora mbili. Moja iko kaskazini ya jiji la Dodoma, ndiko visima vinavyonywesha mji. Nyingine iko wilaya ya Manyoni, kwenye njia ya hiyo reli mpya (SGR). Mizigo ya misheni imewahi kupelekwa siko.

Manyoni ndiko Wamisionari wa Damu Azizi walikotia mizizi tangu miaka ya 1960. Wao hasa si shirika la nadhiri. Mtakatifu Gaspare del Bufalo, Mroma, alilianzisha tarehe 15 Agosti 1815 katika abasia ya San Felice huko Giano, Italia, na wanajumuiya wake wanaunganishwa na kifungo cha mapendo. Masista wao wa karibu, walioanzishwa na Maria De Mattias kijijini Acuto tarehe 4 Machi 1834, wana nadhiri. Mtu wa nje haoni tofauti, lakini kwenye mikataba na hati za mali inaonekana mara moja, kwa kuwa hizo ni taasisi mbili zenye wakuu wawili na akaunti mbili. Kazi ya pamoja bila mkataba wa maandishi huenda vizuri hadi gari la pamoja linapoharibika.

Ila Manyoni somo kubwa ni maji.

Nyumba ya masista sita, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, inahitaji lita 240. Kwa mwaka ni lita 87,600. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mvua ya kanda hii ikiwa milimita 550, paa la mita za mraba 100 linapokea lita 55,000. Toa moja ya tano inayopotea kwa kufurika na kuvuja, zinabaki 44,000. Yaani paa hilo linatosheleza nusu ya mwaka. Anayetaka kutegemea mvua tupu ajenge paa la mita 200, na awe na akiba ya kuvuka kiangazi, Mei hadi Novemba, siku 214: lita 51,000 na ushei. Hizo ni simtanki sita za lita 10,000, na bado hujamwagilia mche hata mmoja wa mchicha wala kupokea mgeni.

Simtanki ya lita 10,000 ikijaa ina uzito wa tani kumi. Ikiwekwa juu ya udongo uliosawazishwa kwa jembe, inazama upande mmoja na kupasuka pale kwenye koki. Iwekewe zege, tena pana kuzidi kitako cha tanki. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite nje, maana inaosha kinyesi cha ndege na vumbi la miezi saba.

Kisima kirefu ni dawa nzuri, kikipimwa. Kanda ya kati ina maeneo yenye chumvi na yenye floridi nyingi, na kiwango cha juu cha floridi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaizidisha, maana maji yanapungua nayo inabaki. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya kununua pampu. Wafadhili hupenda kupigwa picha siku maji yanaporuka, na baada ya picha hakuna anayetaka kusikia kwamba watoto wataota meno ya kahawia.

Alhamisi. Makiungu

Kuchepuka kaskazini, barabara ya Singida, hadi wilaya ya Ikungi. Hospitali ya Makiungu ilifikiwa na Wamisionari Watabibu wa Maria mwaka 1954, wakati jimbo la Singida lilikuwa halijazaliwa; hilo lilikuja 1972.

Kukua kwa shirika hili kulifunguliwa na waraka mmoja. Kwa muda mrefu Kanisa liliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga na upasuaji. Februari 1936 Roma ilitoa maelekezo mapya, si kuruhusu tu bali kuhimiza masista wajifunze udaktari na ukunga kwa ajili ya mama na watoto wa nchi za misheni. Marie Martin, mwanamke wa Ireland aliyekuwa akisubiri ruhusa hiyo miaka mingi, aliweka nadhiri zake nchini Nigeria mwaka 1937, akiwa mgonjwa. Miaka 17 baadaye masista wake walikuwa Makiungu.

Wodi ya wazazi ndiyo inayokuza hospitali ya misheni. Mama akijifungua salama, anarudi na mtoto kliniki, halafu anamleta mama mkwe anayeumwa jicho. Ndiyo maana zahanati iliyoanza kwa kutibu vidonda hujikuta ndani ya miaka michache inahitaji chumba cha upasuaji, damu, jenereta na mtu wa dawa za usingizi. Ukunga bila upasuaji karibu ni hatari, na kilomita za vumbi kati ya mama anayevuja damu na kisu ndizo zilizoamua wapi pajengwe hospitali badala ya zahanati.

Ijumaa. Itigi

Kurudi Manyoni, kisha kilomita 40 hivi magharibi. Kichaka cha Itigi kinaanza hapa, miti mifupi iliyosongamana hata ng'ombe hapiti. Reli ya kati ilipita mapema: Dodoma 1910, Tabora 1912. Mji wenye stesheni ndio uliopata misheni, kwa kuwa saruji na dawa vilishushwa palepale.

Hospitali ya Mtakatifu Gaspari ni kazi ya Wamisionari wa Damu Azizi. Ukiitazama unaelewa namna moja ya kukua: kukua kwa kusimama mahali pamoja. Jengo linaongezwa ubavuni mwa jengo, chuo cha kufundisha wauguzi kinafuata, nyumba za watumishi, karakana. Shirika haliwezi kuondoka hata likitaka.

Ugonjwa wa hospitali za aina hii ni fedha za kuendeshea. Mfadhili hununua mashine, hanunui mkataba wa matengenezo. Sera ya taifa inataka wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo watibiwe bure, lakini hospitali ya shirika inarudishiwa gharama hizo pale tu yanapokuwapo makubaliano ya utoaji huduma na halmashauri. Bila makubaliano, sista mhasibu anachagua kati ya kumfukuza mama na kumkopesha. Anamkopesha, deni linaingia daftarini, na mwisho wa mwaka daftari linachomwa au linasamehewa kwa mbiu ya Jubilei. Nimeona afadhali msamaha huo uandikwe kwenye bajeti tangu Januari kuliko kujifanya ni deni litakalolipwa.

Jumamosi. Itigi hadi Tabora

Zamani kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85, ndicho kilichokuwa kikisimamisha malori wiki nzima masika. Sasa ni lami. Ratiba imepangwa kufika Tabora Jumamosi kwa makusudi. Huko nakwenda kwa masista wa Mama Tereza, na katika nyumba zao za Kolkata, India, Alhamisi ni siku ya masista kusali na kujipumzisha kiroho, na watu wa kujitolea hawapokelewi. Mgeni wa Alhamisi hukuta lango limefungwa akadhani amedharauliwa.

Tabora ndipo Wamisionari wa Upendo, masista wa Mama Tereza, walipofungua nyumba yao ya kwanza barani Afrika, mwaka 1968, askofu mkuu akiwa Marko Mihayo. Si Nairobi, si Addis Ababa.

Kwa nini 1968 na si miaka kumi kabla? Shirika lilitambuliwa Kolkata tarehe 7 Oktoba 1950 kama shirika la kijimbo, likiwa na masista kumi na wawili au zaidi kidogo. Shirika la kijimbo liko mikononi mwa askofu wake, na kwa karibu miaka kumi halikuruhusiwa kufungua nyumba nje ya jimbo hilo. Kisha likaenea India. Tarehe 1 Februari 1965 Papa Paulo VI alilifanya shirika la haki ya kipapa, yaani lililo chini ya Roma moja kwa moja, na mwaka huohuo nyumba ya kwanza nje ya India ilifunguliwa Cocorote, Venezuela. Tabora ikafuata miaka mitatu baadaye, sambamba na Roma. Wanaoeleza ukuaji huu kwa umaarufu wa mwanzilishi wanasahau kwamba tuzo ya Nobel ilikuja 1979. Kilichofungua mlango ni hadhi ya kisheria, kikifuatwa na udogo wa nyumba.

Hebu gawanya. Mama Tereza alipofariki, Septemba 1997, shirika lilikuwa na masista karibu 4,000 katika nyumba 610, nchi 123. Ni wastani wa sita na kitu kwa nyumba, tena humo wamo wanovisi, yaani walio bado mafunzoni, waliojazana kwenye nyumba za malezi, kwa hiyo nyumba ya kawaida ina wachache zaidi. Sita hao ndio walewale wa hesabu ya maji ya Manyoni. Kila mmoja ana sari chache nyeupe zenye mistari ya bluu, sahani, rozari na ndoo ya kufulia. Sari hizo husukwa Titagarh, karibu na Kolkata, katika kituo cha wenye ukoma. Jumuiya kama hiyo inahamishwa kwa basi la abiria. Hospitali ya Itigi haihamishwi hata kwa treni la mizigo.

Nadhiri yao ya nne, baada ya ufukara, useja na utii, ni utumishi wa bure na wa moyo wote kwa walio maskini kuliko wote. Neno "bure" lina kazi ya kiutawala. Hakuna dirisha la malipo, kwa hiyo hakuna mhasibu wa bima, hakuna makubaliano na halmashauri, hakuna deni la kusamehe. Pia hawaendeshi harambee wala hawatafuti mapato ya kudumu. Wanapokea kinacholetwa langoni.

Kinacholetwa langoni ndicho kinachowasumbua. Wahitaji 40 wakila gramu 450 za unga kila mmoja kwa siku ni kilo 18, mwezi ni kilo 540, yaani mifuko 22 ya kilo 25. Wafadhili huleta mahindi mengi Juni na Julai, wakati wa mavuno, na mengine hayajakauka. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 na kulazwa sakafuni yanaota ukungu wa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na waliokufa walikuwa wakila mahindi yao wenyewe nyumbani. Stoo iwe na vichanja vya mbao, magunia yasiguse ukuta, na gunia lenye harufu ya uvundo lisisagwe hata kama limeletwa na mheshimiwa. Kuchagua punje mbovu kwa mkono husaidia, ila haitoshi, na kupika hakuui sumu yenyewe. Nguo kuukuu zinafurika mwaka mzima. Sabuni ya mche, glovu, nepi za watu wazima na unga wa lishe huisha haraka. Dawa zilizobaki nyumbani zisipelekwe.

Udogo una gharama yake. Mwaka 1994 daktari Robin Fox aliandika katika jarida la Lancet kwamba nyumba ya wanaokufa Kolkata haikuwa na utaratibu mzuri wa kutofautisha anayetibika na asiyetibika, wala dawa kali za maumivu. Lawama hiyo ina uzito, na watetezi hawaipunguzi kwa kusema masista hawakudai kuwa hospitali. Mgonjwa hajui tofauti hiyo. Nyumba ndogo inayopokea wagonjwa inatakiwa iwe na daftari la joto na mapigo, barua za rufaa zilizochapwa tayari, na namba ya dereva anayeamka usiku. Na hapo nyumba ndogo inaitegemea ile kubwa isiyohama.

Langoni hapabishwi hodi tu. "Tumsifu Yesu Kristo," husema mgeni, na anayefungua hujibu, "Milele amina." Mwislamu akisema hodi anafunguliwa vilevile.

Jumapili. Tabora

Baada ya misa huja mabinti wanaouliza. Njia ni ndefu kuliko wanavyodhani. Baada ya uaspiranti na upostulanti, hatua za mwanzo za kupima wito ambazo kila shirika hujipangia muda wake, huja unovisi: miezi 12 kamili ndani ya nyumba ya malezi yenyewe, na usizidi miaka miwili. Anayeanza kabla ya kutimiza miaka 17 unovisi wake ni batili. Akikosekana zaidi ya miezi mitatu, hata kwa vipande, unabatilika pia; akizidisha siku 15 anazilipa. Msiba mrefu nyumbani umewahi kumrudisha novisi mwanzo, na walezi wenye busara huwaeleza wazazi kanuni hiyo mapema. Kisha nadhiri za muda, miaka mitatu hadi sita, zikiongezwa zisipite tisa. Za daima haziwekwi kabla ya miaka 21.

Wengi hawakwami kwenye wito. Wanakwama kwenye majina: Anastazia kwenye ubatizo, Anastasia kwenye cheti cha kuzaliwa, na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ina jina la tatu la babu. Hilo hurekebishwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili, kabla ya pasipoti, kwani nyumba ya malezi inaweza kuwa nchi nyingine. Cheti cha ubatizo kiombwe nakala mpya katika parokia alikobatizwa, si alikohamia, kwa sababu kipaimara na hali ya ndoa huandikwa kwenye daftari lile la kwanza.